Umeniuliza nilimpenda lini

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Natumaini hujambo, miguu haijavimba na usingizi bado unaupata upata. Sisi wazima. Bibie ametimiza mwaka, shemeji yako anakusalimu, mama naye anakusalimu na anasema ule mkao wako wa kuinama ukiokota vitu uuache mara moja. Naandika mbiombio kwa sababu mtoto amelala sasa hivi na sina mkataba naye wa muda.

Barua yako ilinikuta bibie anaota meno ya juu. Niliisoma wima, mtoto begani, nikaikunja, na tangu hapo kila usiku naifungua tena. Habari za kitanda, za nguo, za wifi yako na maneno yake, nitakujibu. Kinachonirudisha kwenye barua ni ule mstari ulioubana pembeni mwa karatasi. Umeniuliza, nilimpenda lini? Ukaongeza kwamba wewe ukishika tumbo husikii mapenzi, unachojua ni kwamba kuna mtu anakuja na humfahamu.

Basi nikuambie. Siku ile sikumpenda.

Nilipowekewa kifuani nilimwangalia nikaona mtoto mchanga, ngumi zimekunjwa, utosi unadunda. Nilishukuru kwamba amelia na kwamba uchungu umekwisha. Lakini yale mafuriko ya mapenzi niliyosimuliwa na kila aliyewahi kuzaa, hayakuja. Nilikuwa nasikia baridi, nataka kulala. Mkunga akasema mpe ziwa, nikampa. Na kuanzia hapo nikamtunza, hakukosa kitu. Ila moyoni nilikuwa kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake amshikie kidogo, akawa anasubiri mwenyewe arudi.

Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani? Watu wanaingia, wanamtazama, wanakutazama, wanasema "raha iliyoje!", na wewe unaitikia. Ulipokuja na mama pacha, mkakaa pale kitandani mnambishania pua ni ya nani, nilitamani ubaki nyuma nikuambie. Hukubaki, na mimi sikukuita.

Baadaye sana, mtoto ana miezi kadhaa, nikasoma juu ya utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1980 na Robson na Kumar. Waliwauliza akina mama walisikia nini walipompakata mtoto kwa mara ya kwanza. Kama asilimia 40 ya waliozaa mara ya kwanza walisema hawakusikia lolote la maana, na hata kwa waliokwisha kuzaa kabla ilikuwa robo yao. Asilimia 40! Waliochoshwa na uchungu mkali walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Nililia, shoga, kwa nafuu. Nikawaza wanawake wote waliokaa kwenye vitanda vya uzazi wakitabasamu huku kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Wengi katika utafiti ule mapenzi yaliwajia ndani ya siku chache. Mimi yalikawia zaidi, na yalikuja, kwa hiyo usiniwekee tarehe nami sitakuwekea.

Nikikumbuka vizuri, siku za mwanzo hazikuacha nafasi ya kupenda. Maziwa kamili hayatoki siku ileile. Kuna yale ya kwanza, machache, mazito, ya njano, na yale mengi huja kati ya siku ya pili na ya tano. Usitishike. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo mno, na machache yale yanamtosha. Mtoto hupungua uzito siku za kwanza, wengine hadi karibu asilimia 10, na wengi huurudisha ndani ya wiki 2 hivi. Mimi nilipoona mizani imeshuka nilihesabu kwamba nimemnyima. Kumbe ndivyo wanavyoanza. Kitovu nacho, acha kikauke chenyewe, kidondoke chenyewe, usikipake kitu kwa sababu fulani kasema.

Halafu kilio. Hili nataka ulishike. Kilio cha watoto kinapanda wiki hadi wiki, kinafika kileleni kama wiki ya 6, kisha kinaanza kushuka, na kufikia mwezi wa 3 au wa 4 wengi wanakuwa wametulia. Kuna jioni bibie alilia ameshiba, amekauka, hana homa, hana mdudu, analia tu. Nikasikia hasira inapanda mikononi. Nikamlaza chali kitandani mwake, mahali salama, nikafunga mlango, nikakaa ukumbini mpaka mikono ikatulia. Mkunga ndiye aliyenifundisha: mtoto akilia peke yake dakika chache hadhuriki, ila akitikiswa anaweza kuumia ubongo au kufa. Ukifika hapo mlaze, ondoka. Na mwambie shemeji yangu pia, maana naye atafika hapo.

Sasa shemeji yako. Yeye alimpenda haraka kuliko mimi, au alisema hivyo, lakini alikuwa anaogopa kumshika. Akimchukua, mtoto akilia kidogo, ananirudishia. Na mimi nikawa napokea. Tukagombana, tena usiku wa manane kwa kunong'ona, ugomvi mbaya kuliko wa kupaza sauti. Alikuwa anasema, "Wewe ndiye anayekutaka." Nami nasikia kwamba kila kitu cha mtoto huyu kimekuwa changu, hata kumpenda. Tulipokaa mchana tukazungumza, tukagawana: mimi nanyonyesha, yeye anabadilisha nepi, anambeua, anamrudisha kulala. Na Jumamosi asubuhi natoka nyumbani kabisa, simpi maelekezo mlangoni. Mwezi haukuisha akawa anajua mtoto huyu anapenda kubebwa uso ukiangalia mbele. Mimi nilikuwa sijui! Shoga, waache wawili wako peke yao mapema. Usikae mlangoni kusahihisha jinsi anavyofunga nepi.

Mama alikuja, unamjua mama. Wiki ya kwanza alimchukua mtoto mikononi mwake na hakumwachia, kwa nia njema, ili nipumzike. Nikawa nalala chumbani nasikia mwanangu anabembelezwa na mtu anayejua. Nikazidi kujiona mgeni. Nilipomwambia, nikitetemeka maana si kawaida yangu kumwambia mama, alinyamaza kidogo, akanipa mtoto, akaenda kufua. Toka siku hiyo akawa mama yangu mimi, akinipa maji ya kunywa kila ninaponyonyesha, ananiandalia chakula, anafukuza wageni wakikaa sana. Ule ndio msaada. Wakija watu kwako wape kazi za nyumba, mtoto baki naye wewe. Na wale wa kuja kukaa tu, wasubiri.

Lakini swali lako, nilimpenda lini.

Wanasema mtoto mchanga anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu. Pima, ni kutoka ziwani hadi usoni mwako. Kwa hiyo wiki zile zote ambazo mimi nilikuwa namtazama kama wa mtu mwingine, yeye kitu alichokuwa anakiona vizuri duniani ni uso wangu. Hili nikiliwaza bado koo linanikaba. Alikuwa amekwisha kuanza, ananingoja.

Kisha, kati ya wiki ya 6 na ya 8, huja tabasamu la kweli, si lile la usingizini. Lilikuja wakati namfunga vifungo, nikageuka nyuma kuangalia anamchekea nani. Hapo kitu kililegea. Sitasema ndipo nilipompenda, maana kesho yake nilikuwa nimechoka vilevile. Lakini nilianza kutaka aamke. Unaelewa tofauti? Kabla ya hapo nilitaka alale.

Na ule usiku wa homa. Alikuwa na miezi mitano, tumekaa tunasubiri daktari, muuguzi ananiuliza kilio chake kimebadilika? Nikajikuta naeleza: hiki si cha njaa, cha njaa kinaanza kifupikifupi, si cha usingizi, cha usingizi anajikuna sikio, hiki sikijui. Nilieleza bila kufikiri. Shemeji yako akanitazama. Nikagundua kwamba nimemsoma mtoto huyu hadi pumzi zake, na kwamba wazo la mtu mwingine kuja kumchukua, lile wazo lililokuwa limekaa nyuma ya kichwa changu, halipo tena. Silijui liliondoka lini. Siku ya kuondoka kwake ndiyo siku unayoniuliza, nami nilikuwa nafua au nalala.

Alipona, ilikuwa sikio.

Haya mengine niyapitie upesi. Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama pekee, bila hata maji, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, kisha chakula laini huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka 2 na kuzidi mkitaka. Kama ziwa litakataa au mwili utakataa, uliza wanaojua kliniki, usimsikilize wifi. Chanjo fuata kadi. Alale chali, kila usingizi, na kitanda kisiwe na mito wala mablanketi ya kujaza. Kuanzia miezi 8 au 9 atakulilia ukienda hata msalani. Usikasirike, ndipo amejua kwamba ukitoka upo mahali pengine na anataka urudi. Mimi nilikuwa nimesubiri mapenzi kwa hamu kiasi kwamba kilio kile nilikipokea kama zawadi.

Kutambaa, bibie hakutambaa. Alisota kwa makalio, sasa anasimama dede ameshikilia kiti, kutembea bado. Wifi yangu, maana hata mimi ninaye, ameshasema mtoto ana kasoro. Nilimjibu kwa adabu kwamba Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wenye afya katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na asilimia 4 hivi yao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Na kutembea peke yake mtoto mzima anaweza kuanza na miezi 8 au akafika 17 na zaidi. Akanyamaza. Nami usiku nikaenda kumtazama miguu, lazima niseme, kwa sababu neno likishatupwa linakaa.

Jambo moja zito kabla hajaamka. Mapenzi kukawia ni kitu kimoja, ugonjwa ni kingine, na nisingependa uchanganye kwa sababu ya barua yangu. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na hupita ndani ya wiki 2. Yakizidi hapo, ukawa hulali hata mtoto akilala, huoni raha ya kitu chochote, unaona wangekuwa heri bila wewe, au likaja wazo la kumdhuru mtoto au kujidhuru, nenda siku hiyohiyo kliniki ukaseme, au niite mimi nije nikusemee. Shirika hilohilo linasema wanawake kama 13 kati ya 100 waliojifungua hupatwa na matatizo ya akili, hasa sonona, na yanatibika. Hata sasa na tumbo, kama huko kutosikia kitu kunaambatana na giza, mwambie mkunga kwenye ziara inayofuata. Usilibane pembeni mwa karatasi kama ulivyofanya kwangu. Mwambie.

Nadhani nimemsikia. Hapana, amegeuka tu.

Sasa nijibu. Unalala? Unakula? Shemeji yangu umemwambia uliloniambia, au anadhani unanuna? Mama yako atakuja kabla au baada, na umeshamweleza unataka akufanyie nini? Kliniki wamesema mtoto amegeuka kichwa chini? Wifi yako lile neno la majina amelirudia tena? Nguo za bibie za miezi ya mwanzo ninazo zimefuliwa, nyingine hazikuvaliwa hata mara mbili. Nikutumie zote au unazo? Mbeleko je? Na mimi nije lini, kabla hujajifungua, au wageni wakishaondoka na nyumba imekuwa kimya? Naona nije wakishaondoka. Nitakuja na bibie, atakaa na shemeji, mimi nitafua, wewe utakaa na mwanao.

Wako akupendaye,
Mama Bibie