Kugawanya kwa 29: mwacheni mtoto akisie

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wako huu barua ya mzazi aliyelalamika kwamba mwanawe wa darasa la tano analia kila jioni kwa sababu ya kugawanya kwa namba zenye tarakimu mbili. Akashauri hesabu hizo ziondolewe kabisa, kwani simu zote siku hizi zina kikokotoo. Naomba nafasi nimjibu. Nimefundisha hisabati katika shule za msingi kwa miaka 31. Sasa nimestaafu, na mwanafunzi niliyebaki naye ni mmoja tu, mjukuu wangu, ambaye hukaa nami mezani jioni na penseli iliyotafunwa nyuma. Kilio anachokisema huyo mzazi nakijua. Nilikisikia darasani, na sasa nakisikia nyumbani kwangu.

Juzi mjukuu wangu alikuja na hesabu ya 1,972 gawanya kwa 29. Akachora mstari wake vizuri, akaandika 29 nje na 1,972 ndani, kisha akaganda. Nikamwuliza anangoja nini. Akaniambia, "Bibi, jedwali la 29 silijui."

Hapo ndipo penye tatizo lote, na mtoto alilitaja kwa maneno machache kuliko nitakayotumia mimi. Anapogawanya kwa 7 haumizi kichwa: anaiuliza kumbukumbu yake, nayo inamjibu. Akifika kwenye 29, kumbukumbu imenyamaza. Nasi tunasimama ubaoni tunamwuliza, "29 inaingia mara ngapi katika 197?" kana kwamba jibu limo kichwani mwake na yeye amekataa tu kulitoa. Swali hilo nimeliuliza mara nyingi mno, na leo naona halikuwa la haki. Hata mwalimu halijui jibu lake. Mwalimu anakisia, anajaribu kimyakimya, anasahihisha, halafu anaandika 6 kwa mkono usiotetemeka. Mtoto haoni kukisia kule. Anaona 6 imeshuka tu kutoka juu, basi anadhani wenzake wana kitu ambacho yeye alinyimwa.

Tuligeuza 29 kuwa 30. Katika 197 kuna 30 ngapi? Hilo analiweza, maana ni kama kuuliza 3 ngapi zimo katika 19. Akasema sita. Sita mara 29 ni 174, akatoa, ikabaki 23. Akashusha 2, akapata 232. Tatu ngapi katika 23? Saba. Saba mara 29 ni 203, akatoa, ikabaki 29. Akaandika "67 baki 29", akafunga daftari, akanyoosha mkono kuchukua simu yangu.

Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Baki ni ngapi?"

"Ishirini na tisa."

"Na unagawanya kwa ngapi?"

Akalifungua daftari tena. Akaangalia kwa muda mrefu, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyekuta miwani iko usoni mwake. "Bibi, bado moja imo!" Saba ikawa nane, baki ikawa sifuri, na jibu likawa 68.

Aliomba kifutio, nikamnyima. Nilimwambia aikate ile 7 kwa mstari mmoja na aandike 8 juu yake, ili kesho akifungua daftari aione safari aliyopita. Hapo najua baadhi ya walimu wenzangu wataguna. Sisi tulilelewa na daftari safi. Nimeshawahi kumpunguzia mtoto alama kwa sababu kazi yake "ilikuwa na fujo", wakati fujo yenyewe ilikuwa ni makisio mawili yaliyokatwa na la tatu lililokuwa sahihi. Nilimwadhibu kwa kufanya kazi ileile niliyokuwa nikiifanya mimi kichwani bila kuonwa na mtu.

Kukisia kuna kanuni zake, nazo zinafundishika. Ukiipandisha namba inayogawa, kama 29 kuwa 30, kisio lako litakuwa sawasawa au litapungua, kamwe halitazidi. Ukiishusha, kama 24 kuwa 20, litakuwa sawasawa au litazidi. Na kosa halijifichi. Kisio likiwa kubwa mno, unachotaka kutoa kinakuwa kikubwa kuliko ulichonacho. Likiwa dogo mno, baki inakuwa sawa na namba inayogawa au inaizidi. Sijui kazi nyingine ya darasa la tano ambamo kosa humjia mtoto mwenyewe na kujitambulisha kabla mwalimu hajafika kwenye dawati lake.

Chukua 1,608 gawanya kwa 24. Ukishusha 24 kuwa 20, unakisia 8 katika 160, lakini 8 mara 24 ni 192, haitoki. Unajaribu 7, ni 168, bado haitoki. Sita ndiyo inayokaa: 144, baki 16. Mtoto aliyekata tarakimu mbili hapo hajakosea hata kidogo. Mtoto mjanja zaidi atasema 24 ni jirani ya 25, na 25 anaijua, nne zake ni 100, sita ni 150. Huyo anafika kwenye 6 mara moja. Akishusha 8 na kupata 168, 25 inampa tena kisio la 6, baki inakuwa 24 kamili, naye anajua la kufanya: anaongeza moja, anapata 67.

Kosa langu kubwa katika miaka ile 31 lilikuwa mpangilio. Niliwaanzisha watoto na 13, 14, 15, 16, nikiamini kwamba namba ndogo ni rahisi. Hizo ndizo ngumu kuliko zote! Ukiipeleka 16 kwenye 20 umeibadilisha kwa robo nzima. Katika 144, 20 inakwambia kisia 7, kumbe jibu ni 9. Unapungukiwa na mbili, na mtoto anaanza kuamini kwamba kukisia ni uongo. Lakini 29 kwenda 30, au 41 kwenda 40, au hata 198 kwenda 200, haibadiliki kitu cha kutisha. Kama ningerudi darasani ningeanza na 20, 30 na 40 zenyewe. Kisha 21, 31, 39, 61. Halafu zile za katikati kama 34 na 47. Na 16 na 17 ningeziacha mpaka mwisho kabisa, watoto wakiwa wameshazoea kukata na kuandika upya. Ukubwa wa namba inayogawa peke yake hauniambii ugumu wake. Ninachoangalia ni umbali wake na makumi yaliyo karibu, ukilinganishwa na namba yenyewe.

Kwa mtoto ambaye kukisia bado kunamtisha, ipo njia ya kando, na ni ya zamani sana. Pembeni mwa daftari aandike namba inayogawa na aizidishe kwa mbili, tena kwa mbili, tena kwa mbili. Kwa 37 atapata: moja ni 37, mbili ni 74, nne ni 148, nane ni 296. Tayari ana jedwali. Akitaka tatu anajumlisha ya moja na ya mbili, 111 (watoto huipenda sana hii 111, sijui kwa nini). Tano ni ya nne na ya moja, 185. Saba ni ya nne, ya mbili na ya moja, 259. Akigawanya 9,731 kwa 37 hakuna cha kukisia: katika 97 inayokaa ni 74, katika 233 ni 222 (ya nne na ya mbili), katika 111 ni 111 yenyewe. Jibu ni 263. Wamisri wa kale waligawanya kwa kuzidisha kwa mbili namna hii. Mwandishi wao Ahmes alinakili hesabu kama hizo kwenye papirasi, yaani karatasi ya mafunjo, karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, na papirasi hiyo ipo hadi leo katika makumbusho jijini London. Kwa hiyo mwalimu atakayemwambia mtoto kwamba jedwali la pembeni ni kudanganya, ajue anagombana na watu wa siku nyingi.

Hata kukata tarakimu kuna ukoo wake. Zamani hesabu za Kihindi zilifanyiwa kwenye ubao wenye vumbi, ambako tarakimu ilifutwa kwa kidole na nyingine ikaandikwa mahali pake. Katikati ya karne ya 10, mjini Damascus, mwanahisabati al-Uqlidisi alieleza namna ya kuzifanya kwa wino na karatasi bila kufuta. Baadaye Ulaya waligawanya kwa kukata tarakimu moja baada ya nyingine, mpaka hesabu nzima ikafanana na mashua yenye tanga, na wakaipa jina la mashua. Karatasi ilijaa mikato, na hakuna aliyeona ni uchafu.

Sasa niseme jambo linaloniumiza. Mwaka mmoja nilipokea mwanafunzi aliyehamia kutoka nchi inayofundisha kwa Kifaransa. Yeye aliandika namba inayogawa upande wa kulia, jibu chini yake, na hakuandika yale mazao ya kuzidisha. Alitoa kichwani, akaandika baki peke yake. Nilimkatia hesabu zote kumi kwa kalamu nyekundu. Majibu yote kumi yalikuwa sahihi. Nililigundua hilo usiku, nikisahihisha daftari la jirani yake. Kesho yake nilimwita ubaoni awafundishe wenzake njia yake. Alifanya hivyo, lakini kwa muda wote uliobaki hakuinua tena mkono katika kipindi changu.

Kuhusu sifuri ya katikati sitasema mengi, kila mwalimu ana kovu lake. 7,326 gawanya kwa 18, nusu ya darasa inaleta 47. Dawa ni kumwuliza mtoto kabla hajaanza: 18 mara 100 ni ngapi? Ni 1,800. Mara 1,000? Ni 18,000. Basi jibu liko kwenye mamia, lina tarakimu tatu. Aweke nukta tatu juu ya mstari, na kila nukta lazima ijazwe. Akifika kwenye 12 na kuona 18 haiingii, nukta inamdai, naye anaandika 0. Linakuja 407. Na kama tarakimu zake zinatembea ovyo, mamia yakiingia kwenye makumi, ageuze daftari la mistari liwe ubavu. Mistari inasimama wima na kuwa vyumba vya tarakimu. Huhitaji kununua kitu.

Nimalizie na kikokotoo, maana huyo mzazi alikitegemea. Mimi sina ugomvi nacho. Lakini mpe mtoto watu 1,000 wa kusafirishwa kwa mabasi ya watu 48, na kikokotoo mkononi. Kitamwambia 20.8333. Nimewaona watoto wakiandika kwamba yanahitajika mabasi 20.8333, na wengine, wale makini, wakapunguza wakaandika 20. Aliyegawanya kwa mkono anaona mabasi 20 yamejaa watu 960, na baki ya 40 ni watu waliosimama kituoni. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kuambiwa kwamba ni mabasi 21. Tena kikokotoo kinahitaji mtu wa kukishuku. Kidole kikiteleza na 7,326 ikaingia bila ile 2, kitaleta 40.9 bila haya. Atakayeshtuka ni yule aliyejua tangu mwanzo kwamba jibu liko kwenye mamia.

Kwa hiyo simwombi huyo mzazi amlazimishe mwanawe kufanya hesabu ishirini kwa usiku mmoja. Tatu zinatosha, na ikiwa ya pili imeleta machozi, basi mbili. Ninachomwomba ni hiki: ampe 1,972 gawanya kwa 29, penseli, na kifutio akifiche. Mtoto akileta 67 baki 29, amwulize baki ni ngapi na anagawanya kwa ngapi, kisha anyamaze mpaka mtoto mwenyewe aseme.

Wako,
Mwalimu mstaafu, na bibi wa mjukuu wa darasa la tano