Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Bei, Vijana na Birika Letu

Wazee wetu, kina mama mliojiunga mwaka huu, ndugu wanachama wote wa chama chetu cha wauza kahawa: Assalam alaikum, Bwana asifiwe.

Kabla ya yote tuwakumbuke wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki tangu tulipokutana mara ya mwisho. Wote walianza kazi hii kwa kutembea mitaani, birika mkono mmoja, mkono wa pili ukigonga vikombe, na wengi tuliokaa hapa tulijifunza kwao kukaanga buni. Mwenyezi Mungu awalaze mahali pema.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia kahawa yenyewe na wanywaji wake, kwa sababu katika mwaka huu ulioishia Juni 2025 vyote viwili vimebadilika huku tunaona.

Naanza na bei, maana ndiyo iliyotunyima usingizi. Ukame uliipiga Brazil mwaka 2024, na Vietnam nayo ilipata ukame wake, na hizo ndizo nchi mbili zinazovuna kahawa nyingi kuliko zote duniani. Februari 2025 kahawa aina ya Arabika ikavuka dola 4 kwa ratili, yaani karibu nusu kilo, katika soko la New York, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Mkulima wa Moshi na wa Mbinga alipata ahueni, nasi tumfurahie, kwani miaka mingi kahawa haikumlipa na wapo waliong'oa mibuni wakapanda mahindi. Ila sisi tunaonunua kilo tano tano pale Kariakoo, kila tulipokwenda dukani tulikuta bei nyingine.

Njia zilikuwa tatu. Kupunguza kahawa birikani na kuzidisha tangawizi ili mteja asishtuke. Kuchanganya na mahindi yaliyokaangwa mpaka yakawa meusi. Au kupandisha bei ya kikombe. Mnakumbuka nilivyosimama kwenye kikao cha Februari kupinga kuchanganya, na msimamo wangu haujabadilika. Nasema wazi kwamba baadhi yetu walichanganya. Mzee mmoja anayekunywa kijiweni kwangu tangu nilipoanza kazi alipita kwa mwenzetu wa jirani, akaonja kikombe, akakirudisha mezani bila neno, akaondoka. Hakudai hela yake. Nilimfuata kesho yake nikamwomba radhi kwa niaba ya chama, na sitaki kurudia kazi ile.

Tukakubaliana kikombe kipande kutoka shilingi 100 hadi 200. Wapo waliosema vijiwe vitakufa. Siku za mwanzo watu walinung'unika kweli, lakini Ramadhani ikaingia Machi: mchana hatuuzi, na usiku baada ya tarawehe mtu akishakaa hahesabu vikombe. Ilipofika Idi, bei mpya ilikuwa imeshazoeleka. Kashata tumeziacha kwa bei ileile, ingawa wapishi wake wananiambia sukari imewabana.

Jambo la pili ni vijana. Kijiwe cha kahawa tumekirithi kama mahali pa wanaume watu wazima: bao, drafti, Simba na Yanga, siasa. Huko Masaki na Mikocheni imejaa migahawa yenye mashine za espreso, na tuliidhani itatumaliza. Nami nilidhani hivyo. Kumbe kijana anayelipa maelfu kwa kapuchino moja mchana, jioni namwona Kariakoo anakunywa kahawa chungu na kashata. Nilimuuliza mmoja kulikoni. Akasema kule anakaa na kompyuta yake, huku anakuja kuongea na watu.

Vijana hawa wanauliza maswali tusiyoyazoea. Buni hizi za wapi? Arabika au Robusta? Zimekaangwa lini? Wengi wetu tulikuwa tunajibu "za Moshi" au "za Bukoba" kwa kubahatisha tu. Kwa hiyo Aprili watu 12 tulipanda basi kwenda Moshi, kwa nauli zetu wenyewe.

Tulifika Lyamungu, kwenye taasisi ya utafiti wa kahawa, tukaonyeshwa miche ya mibuni chotara inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Lakini somo kubwa tulilipata kwa mwonjaji wa kahawa. Alionja kahawa yetu ya birika, akatuambia kwa upole kwamba tunaunguza. Buni ikishakuwa mkaa, nzuri na mbaya zina ladha moja, na kahawa inayochemka juu ya makaa tangu alasiri hadi usiku inazidi kukwaruza koo. Niliporudi nikapunguza kukaanga, wazee wangu wakalalamika kwamba kahawa imekuwa chachu. Nikarudi katikati. Nadhani hapo katikati ndipo petu, na kila mmoja apatafute kwa wateja wake.

Kibosho tulipokewa na mama mmoja shambani kwake, mibuni chini ya migomba kama wanavyolima Wachaga, akatukaribisha chai. Kahawa yote huipeleka chama cha msingi cha ushirika, nyumbani hainywewi. Mbuni umo Kilimanjaro tangu wamisionari walipoupanda Kilema karne ya 19, na mwenye shamba anakunywa chai! Tulikuwa na birika. Tukatwanga buni zake kinuni kutoa ganda, tukapepeta, tukakaanga, tukatwanga tena, tukachemsha. Alikunywa vikombe vitatu, kisha akamwita jirani.

Nimeifikiria siku ile mara nyingi. Wahaya humpa mgeni buni zilizochemshwa na kukaushwa atafune. Hiyo ni heshima ya zamani. Waethiopia wanakunywa wenyewe karibu nusu ya kahawa wanayovuna. Sisi nyingi tunaisafirisha. Februari, jiji letu la Dar es Salaam lilipopokea mkutano wa nchi 25 za Afrika zinazolima kahawa, moja ya yaliyozungumzwa ni Waafrika kunywa kahawa yao. Kazi hiyo vijiwe vyetu vinaifanya kila jioni tangu enzi za babu zetu, na ningependa wakubwa walijue hilo.

Kina mama karibuni. Najua baadhi yenu mlisemwa. Kijiwe cha mwenzetu wa Magomeni, chenye viti vya mgongo badala ya benchi, sasa kinakaliwa na wasichana wa chuo pamoja na wazee walewale waliokuwa wakisema mwanamke hauzi kahawa. Sioni la kujadili hapo.

Kuhusu vikombe, wateja wapya hawataki kuona vikombe vyote vikisuuzwa kwenye ndoo moja, na wana haki. Vikombe vya karatasi ni ghali, vinatupwa ovyo, na kahawa yetu haina raha ndani yake. Kamati imeagiza kila kijiwe kiwe na ndoo mbili, sabuni na maji ya moto. Ukaguzi unaanza mwezi ujao.

Tulilokosea: mashine ya kukaangia ya pamoja haijafika. Fundi alichukua malipo ya awali, na tangu Mei anatupa ahadi. Uamuzi wa kumlipa kabla ya kuona kazi ulikuwa wangu, na ninawaomba radhi. Katibu ameshapeleka barua ya madai.

Agenda ya nne ndiyo nzito leo: kama tununue buni kwa pamoja, gunia kwa gunia, kupitia vyama vya msingi na kwa taratibu za Bodi ya Kahawa, badala ya kila mtu kuhangaika dukani peke yake. Mimi naunga mkono, lakini kura ni zenu. Arabika ya Kibosho na Robusta ya Karagwe zimekaangwa leo alfajiri, ziko kwenye mabirika mawili pale mlangoni. Onjeni zote mbili kabla ya kupiga kura.