Ukishachomoa, pima

Magomeni, Mtwara
Novemba

Shoga yangu Mwanahawa,

Salaam nyingi kutoka huku pwani. Sisi wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Barua yako nimeisoma kwa furaha, maana unasema meza yako hapo Newala haipumziki: watu wamelipwa pesa za korosho, na kila mwenye sabufa bubu au TV iliyosahauliwa kabatini ameikumbuka. Lakini umenitia wasiwasi ulipoandika kwamba umeme ukikatika ndipo unapofanya kazi kwa amani, kwa kuwa hakuna cha kukupiga shoti. Hapo hapana, mwenzangu. Hapo nakukatalia kabisa.

Umeme uliokatika hurudi bila kupiga hodi. Ukiwa umeinamia bodi na plagi bado iko ukutani, haukupi hata nafasi ya kutoa mkono. Na swichi ya soketi usiiamini, kwani kuna nyumba ambazo fundi aliiunga kwenye nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, kwa hiyo ukizima, laini, waya wenye moto, bado imo ndani ya kifaa. Chomoa plagi na uilaze mezani mbele yako, mahali unapoiona muda wote unaofanya kazi.

Ukishachomoa, bado hujamaliza, na hili ndilo hasa lililonifanya nikuandikie usiku huu. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Ukiingia kwenye pawa saplai ya TV bapa, king'amuzi au sabufa nyingi za siku hizi, unapita kwenye dayodi na kujaa ndani ya ile kapasita kubwa iliyoandikwa 400V au 450V ubavuni. Humo zinafika volti kama 325. Kifaa kizima kikizimwa huitumia akiba hiyo mpaka ikaisha. Kifaa kibovu hakina cha kuitumia, hivyo inabaki pale pale, pengine kwa muda mrefu. Na sisi mezani kwetu tunaletewa vibovu tu, Mwanahawa.

Najua mafundi wengi huimaliza akiba hiyo kwa kugusisha bisibisi kwenye miguu miwili ya kapasita. Inalia kama risasi, inang'oa bati la bodi na kurusha cheche za chuma machoni. Wewe tumia rezista ya wati 10, ile nyeupe ya kauri, ya omu 2,200 hivi, iutoe umeme huo taratibu. Iunge na nyaya mbili zenye ngozi nzuri, shika kwenye ngozi, gusisha kwenye miguu ya kapasita na uhesabu taratibu mpaka kumi. Kisha weka mita kwenye DC, kipimo cha volti 600 au 1000, na upime. Namba ikiwa bado iko juu, rudia. Mpaka mita iseme karibu na sifuri, vidole vyako havina kazi pale. Kabla ya hapo pima betri unayoijua, uone kama mita yenyewe ni nzima, maana mita iliyokufa nayo husoma sifuri.

Ikibidi upime kifaa kikiwa kwenye umeme, tumia mkono mmoja, huo mwingine uweke mgongoni. Umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, unapita kifuani. Vaa viatu vikavu vya mpira, na sakafu iwe kavu pia. Bangili zako nazivutia picha hapa nilipo! Zivue zote, na pete. Hata kwa wateja wa sola: volti 12 hazikupigi shoti, lakini pete ikiunganisha vichwa viwili vya betri inakuwa nyekundu ya moto ikiwa kidoleni.

Kuhusu ile balbu ya wati 100 uliyoiunga kabla ya kifaa, umefanya vizuri sana. Kama ndani kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu na bodi inapona. Kama pako salama, inamulika mara moja kisha inafifia. Lakini balbu hiyo inalinda bodi, haikulindi wewe. Ile breka ya kukata umeme unaovuja nayo inasaidia umeme unapopita mwilini kwenda ardhini. Ukishika laini na nyutro kwa pamoja, au kapasita iliyojaa, haina habari na wewe.

TV za chogo zikatae mpaka uje tukae pamoja. Chini ya kile kikofia cha mpira kwenye kioo zinapita volti zaidi ya 20,000, na kioo chenyewe hata ukishakitoa umeme kinaweza kujirudishia kidogo. Maikrowevu ndiyo usiifungue kabisa, hata mwenye gesti akikuahidi pesa ngapi. Kapasita yake hushika volti elfu mbili na zaidi, na ina nguvu ya kuua kwa mguso mmoja.

Fyuzi zilizozungushiwa uzi wa waya utakutana nazo kila siku. Toa, weka fyuzi ya namba ile ile iliyoandikwa kwenye bodi, na mweleze mteja kwa nini.

Kwenye picha uliyonitumia nimeona sahani ya wali pembeni ya chuma cha kulehemu. Tafadhali iondoe. Lehemu tunayotumia ina madini ya risasi ndani yake, na vipande vyake vidogo hushika kwenye vidole. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, fungua dirisha moshi utoke, na mwanao asitambae chini ya meza hiyo. Risasi inawadhuru watoto kuliko sisi.

Mdogo wako anayekusaidia mwonyeshe leo hii meni swichi ilipo. Akikuta umeng'ang'aniwa na umeme asikushike. Azime kwanza, au akutenganishe kwa mti mkavu. Ukiwa huna fahamu na hupumui kawaida, aite watu, na aanze kukukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Mfanyishe mazoezi kwenye mto.

Rezista mbili nimezifunga kwenye bahasha pamoja na barua hii, nyaya na vibanio nimeshaziunga. Niandikie nyaya za mita yako zikoje. Kama ngozi imechunika usizifunge na plasta, nitakununulia mpya hapa sokoni na kuzituma kwa basi.

Msalimie mama, na umbusu mtoto.

Shoga yako,
Somoe