Luku haiishi muda usiku, mbona bando linaisha?

Ndugu Mhariri,

Mi nina stationari hapa Mwanga, Kigoma, mwisho wa reli. Kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, printa inayokwama ikijisikia. Watu wanadhani nauza karatasi na kalamu lakini hela yangu hasa inatoka kwenye aplikesheni, mkopo wa chuo, ajira za serikali, cheti cha kuzaliwa, kontroo namba, yani ukitaka kitu chochote cha serikali saivi unaanzia mtandaoni. Kwa hiyo nikisema intaneti ihesabiwe huduma ya msingi kama maji na umeme najua natia mchanga kitumbua changu mwenyewe, ila acha niseme.

Dirisha la mkopo lililopita alikuja kijana kutoka Kalya, kule kusini ya ziwa, kapanda boti ya mizigo na magunia ya dagaa, makaratasi yake yote yamegongwa mihuri kayafunga kwenye mfuko wa nailoni yasilowe. Kwa kubana matumizi alishanunua bando la siku kwenye simu yake ili tuunganishe kompyuta. Basi netiweki ikawa inazunguka tu, tunajaza ukurasa unagoma, tunarudi mwanzo, jioni ikaja meseji kwamba kifurushi kimeisha muda wake. MB zilikuwepo! Hajazitumia, muda ndo umeisha. Akaniuliza bro, zimeenda wapi sasa? Sikuwa na jibu. Tulimaliza kesho yake kwa bando langu, nikamtoza nusu ya bei na mpaka leo naona aibu hata hiyo nusu.

Sasa jamani, luku ukinunua uniti kumi leo utazikuta hata mwezi ujao. Na ukiwa mtumiaji mdogo wa umeme, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, kuna bei yako ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, na vijijini kuunganishiwa ni 27,000. Hiyo haikushuka na mvua, kuna watu walikaa wakasema maskini nae awashe taa. Bei ya maji EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wanaipitia kabla hujaletewa bili. Kwenye intaneti TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wapo, na msisahau Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza watu wakapiga kelele nchi nzima, zikasimamishwa siku ileile. Kumbe inawezekana.

Nitaambiwa minara ni ya makampuni, wameweka mitaji yao. Sawa, lakini Mkongo wa Taifa, zile nyaya kuu za intaneti, ni mali ya serikali, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uko kwa sheria tangu 2006 kazi yake ni kusaidia kupeleka minara pale ambapo kampuni inaona haina faida, 2023 ulisaini mikataba ya minara 758. Hela ya umma imo humo tayari, afu mwananchi anauziwa kama soda.

Wengine watasema vijana watamalizia TikTok. Kwani umeme hatuangalii Simba na Yanga? Nani alikatiwa kwa hilo.

Finland tangu 2010 sheria inampa kila mtu haki ya kuunganishwa, ilianza na kasi isiyopungua megabiti moja kwa sekunde. Marekani mamlaka yao ya mawasiliano 2015 waliiweka intaneti kwenye kundi la huduma za umma, 2017 wakaitoa, 2024 wakairudisha, Januari 2025 mahakama ikaitupa. Ndo mana nasema sisi tuiandike kwenye sheria ya Bunge, isiwe ya kubadilika kila anapokuja bosi mpya.

Nachoomba sio bure. Bando la msingi la bei ya mtumiaji mdogo kama ile ya umeme, lisiloisha muda, na tovuti za serikali zifunguke bila kukatwa MB, maana haiingii akilini nilipie getini ndo niruhusiwe kwenda kulipa kodi.

Kama kuna mbunge wa mkoa wetu anasoma hapa, karibu dirisha la mkopo likifunguliwa, benchi langu liko nje chini ya mwembe, aje siku ya mwisho jioni na bando lake mwenyewe.

Mwenye stationari,
Mwanga, Kigoma