Klorini ipimwe bombani, si tangini

Mhariri,

Kamati nyingi za maji vijijini hutia klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, kwa kukisia tu. Kwa tangi la lita 10,000, anzeni na gramu 30 hivi za unga wenye klorini asilimia 65 hadi 70: ukorogeni kwenye ndoo, uache utuame, mimina maji ya juu tangini, subirini nusu saa. Maji yakiwa na tope, klorini huishia kwenye tope hilo.

Kisha pimeni bomba la mwisho kabisa, si lile la jirani na tangi. Hapo klorini ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Mgawo wa maji ndio balaa: bomba likikauka, nyufa zake hufyonza maji ya mtaroni. Maji ya bomba yakirudi, ya mwanzo yamwagwe.

Fundi wa maji,
Morogoro