Barua kwa mwanangu: kwa nini bibi yako tulimpeleka thieta

Mwanangu Salum,

Salaam alaykum. Sauti yako uliyotuma kwenye grupu la familia nimeisikiliza yote mpaka mwisho, na shangazi zako nao wameisikiliza, ila sikutaka kukujibu pale maana pale kila mtu ni daktari. Ukiondoa hasira, swali lako lilikuwa moja tu: bibi wa miaka 82 mnampasua wa nini, si mngemuacha apumzike. Sasa nakujibu mimi mama yako, niliyekula mshahara wa wodi ya mifupa mpaka nikastaafu, na huyo unayemsemea kwako ni bibi lakini kwangu ni mama mkwe, kwaiyo usidhani nilikurupuka.

Kuanguka kwenyewe hata si kwa kusimulia. Alikuwa anaenda kutawadha, kanga ikamshika miguuni, akakaa chini kwa ubavu, basi. Wewe ungenyanyuka ukacheka. Lakini mifupa ya mwanamke wa umri ule imeshakuwa dhaifu toka miaka mingi nyuma, tangu hedhi ikatike inapungua kidogokidogo na haiumi kwaiyo hakuna anayejua. Nilipofika nikamkuta kalala chali, mguu wa kulia mfupi kuliko wa kushoto na unyayo umegeukia nje, akijaribu kuunyanyua hauendi. Nikajua ni nyonga kabla hata ya eksirei. Shangazi yako mkubwa yeye ashasema ametegua, aitwe mzee wa kuchua, nikamwambia hapa hachuliwi mtu, utasaga mfupa juu ya mfupa.

Picha ikaonyesha shingo ya mfupa wa paja imekatika na imeachana. Hapa nisikilize vizuri maana ndo penye jibu lako. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya nyonga, na hicho kichwa damu yake kubwa inakipandia kupitia hapohapo shingoni. Shingo ikikatika na kusogea, mishipa nayo inachanika, kichwa kinabaki kama tawi la mwembe lililovunjwa, majani mabichi leo lakini maji hayapandi tena. Kwa mzee kukifunga na skrubu mara nyingi ni kumrudisha thieta tena baadae, kinaoza au hakiungi. Ndo maana bibi yako wamekitoa wakaweka cha chuma, na kikombe chake cha nyonga wamemuachia kilekile, inaitwa kubadilisha nusu. Yule mzee wa Ngamiani uliyemtolea mfano kwamba yeye aliwekewa chuma na nati tu akatembea, yake ilivunjika chini ya shingo, pale damu ipo ya kutosha na mfupa unaunga ukishikiliwa vizuri. Yote wanaita nyonga lakini kazi ni mbili tofauti.

Sasa hilo la kumuacha apumzike. Salum, nyonga iliyovunjika haipumzishi mtu. Ukimgeuza kumsafisha anapiga kelele, kwaiyo watu wanaogopa kumgeuza, asipogeuzwa makalio na visigino vinaanza kuwa vyekundu halafu vinafunguka vidonda vya kulalia, kifua kinajaa kwa sababu hakai wima, damu inaganda mguuni inaweza kupanda mapafuni, mkojo unapata uchafu, hamu ya kula inakata. Nimewaona wengi kwenye kazi yangu, anaandikwa amekufa kwa nimonia na nyonga haitajwi hata. Operesheni ya nyonga kwa mzee haifanywi ili awe kijana, inafanywa ili kesho yake akae kitandani miguu ikining'inia na keshokutwa asimame. Kitanda ndo kinachoua, na wewe ulikuwa unanishauri nimpe kitanda.

Ile hospitali ya kwanza walimfunga mguu wakauvuta kwa kamba na mfuko wa mchanga unaning'inia mwisho wa kitanda, wakasema chuma hakijafika. Kila asubuhi hakijafika. Thieta wanaingia vijana wa bodaboda, damu inatoka, mfupa uko nje, bila shaka hao wana haraka, lakini mzee anayelala kimya anasogezwa nyuma ya foleni kila siku na hakuna anayeona kwamba naye anakufa, ila polepole. Mimi mwenyewe nilikuwa nanyanyua kisigino kuangalia, nikaona kimeanza kubadilika rangi, hapo nikamwambia baba yako tunahama, tukatafuta ambulensi. Pesa yako ndo ilikwenda huko, haikuliwa na mtu.

Umesema umesoma utafiti kwamba kuharakisha operesheni hakupunguzi vifo. Ni kweli upo, ulitoka 2020, nchi 17, wagonjwa karibu 3000. Lakini waliolinganishwa pale ni wanaopasuliwa baada ya saa kama 6 na wanaopasuliwa baada ya saa kama 24! Hao wa kusubiri kwenye huo utafiti, huku kwetu tungewaita wamewahi. Na hata hivyo wale wa saa 6 waliochanganyikiwa akili walikuwa wachache zaidi na walisimama mapema. Uingereza mwongozo wao unasema apasuliwe siku aliyofika au siku inayofuata. Bibi yako alikuwa anasubiri gari la mizigo lilete chuma.

Sikudanganyi kwamba hakuna hatari. Hata huko kwenye hospitali za kila kitu, karibu mtu mmoja kati ya watano wenye kuvunjika nyonga hafikishi mwaka, wengine wanasema hata robo, na hapo wamepasuliwa vizuri. Kule tulikohamia ndo akapasuliwa, daktari wa usingizi alimpima moyo, akashusha presha, akaongezewa damu chupa, akapewa sindano ya mgongo, si nusu kaputi, ingawa kwa tafiti za karibuni hazipishani sana. Na wapo wazee ambao ningekubali wasipasuliwe, mtu alikuwa kashaanza safari yake kabla ya kuanguka, huyo mpe dawa ya maumivu na watu wake wakae naye. Bibi yako lakini? Mwanamke aliyekuwa anagombana na muuza samaki kila asubuhi?

Kilichotutisha kilikuja baada ya thieta. Usiku ule akaanza kumuita babu yako, anamwambia nesi toa ng'ombe humu ndani, anavuta mpira wa mkojo, mimi hanijui, anauliza ni nani. Shangazi yako mdogo akatoka nje kumpigia mtu wa kisomo, eti kaingiliwa na kitu huko thieta. Hakuna kitu. Ni akili ya mzee ikichanganywa na maumivu, dawa, kukosa usingizi na maji kupungua mwilini, inakuja inakwenda, mchana ana nafuu usiku inarudi. Nikamvalisha miwani yake, nikamwekea saa ukutani, nikakataa taa kuwashwa usiku kucha, nikamnywesha maji kwa kijiko, na mtu wa kukaa naye awe yuleyule anayemjua. Kisomo sikukataza, sauti ya Kurani anaijua na ilimtuliza, nilichokataza ni kumfunga mikono kitandani. Siku zikaenda akaniuliza kama kuku wamelishwa, nikajua amerudi.

Sasa hivi anatembea na wokaa, ile fremu ya miguu minne ya kushikia, kutoka chumbani mpaka barazani. Anakanyaga mguu wote, daktari kasema akanyage, usije ukatuma sauti nyingine kwamba tunamtesa. Shida yetu kubwa ni kukaa chini. Daktari aliingilia nyuma ya nyonga, kwaiyo kwa miezi hii ya mwanzo goti lisipite juu ya usawa wa kiuno, asikunje nne, asigeuze mguu kwa ndani, chuma kinaweza kuchomoka. Na maisha yake yote yako chini! Choo cha kuchuchumaa, jamvi, kigoda. Juzi nimemfuma anaburuza kibao cha mbuzi kwa wokaa anataka kukuna nazi, nimekificha uvunguni kwa baba yako na hajanisemesha siku nzima. Anaswali kwenye kiti, nalo lilihitaji shehe aje mwenyewe amwambie inajuzu, maneno yangu hayakutosha.

Alafu kuna mfupa wenyewe. Aliyevunjika nyonga moja anaweza kuvunja na ya pili, kwaiyo daktari anataka kumuanzishia dripu ya kuimarisha mifupa, inaitwa zoledroniki, mara moja kwa mwaka, wanapima figo na kalsiamu kwanza. Bima imekataa hiyo. Nimetoa mazulia yote ya koridoni na taa ya choo inawaka usiku kucha, macho nimepanga apelekwe, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, nadhani angekuwa anaona vizuri hata kanga isingemshika miguuni.

Ukija likizo nataka hivi: ile seti ya kiti cha choo kirefu chenye mikono, cha kukunja, huko maduka ya vifaa vya hospitali wanazo. Raba za miguu ya wokaa pea mbili, za huku zinaisha upesi kwa hii sakafu ya simenti, nitakutumia picha na kipimo cha bomba usije ukaleta kubwa. Dripu tutagawana, baba yako nusu na wewe nusu. Usilete kitimwendo, shangazi zako watakuomba ulete, kataa, akishakaa kwenye magurudumu na kila mtu anamsukuma hatasimama tena.

Na kwenye grupu waandikie tu kwamba tumeongea. Mpigie bibi jioni baada ya magharibi, si mchana, mchana yuko na fundi mazoezi na anamtukana.

Mama yako