Maji ya Nyando yanayofika ziwani hayapotei bure

Ndugu Mhariri,

Kila mara bwawa la Soin-Koru linapotajwa, iwe barazani kwa chifu au ndani ya matatu ya kwenda Kisumu, hakosi mtu wa kusema kwamba maji ya Mto Nyando yamekuwa yakipotea bure katika Ziwa Victoria na sasa yatapata kazi. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme kwamba maji hayo yana kazi tangu zamani. Yanalea samaki.

Kwanza nieleze nilipo. Mimi ni mkazi wa Kano. Mafuriko ya mwaka 2020 yalinihamisha nyumbani, na ya 2024 yakaingia tena hadi kwenye ghala la mpunga. Nimelala katika darasa nililowahi kufundisha, godoro likiwa juu ya madawati manne. Kwa hiyo silipingi bwawa hilo linalojengwa kwenye Nyando, mpakani mwa Kericho na Kisumu, likikusudiwa kupunguza mafuriko na kutuletea maji ya bomba. Ninachouliza ni namna malango yake yatakavyofunguliwa na kufungwa, mwezi kwa mwezi. Katika mikutano niliyohudhuria sijasikia hata mara moja swali hilo likijibiwa.

Wasomaji wa rika langu wanamjua ningu. Huyu ni samaki wa ziwani, lakini mvua zikianza na mto ukachafuka na kupanda, huacha ziwa na kupanda mtoni kwa makundi, tumbo limejaa mayai. Hatagi katikati ya mkondo. Huyafuata maji yanakotandaa, kwenye nyasi zilizofunikwa na kwenye vijito vya msimu, akataga huko. Mumi naye hufanya hivyo. Mayai yake hunata kwenye majani na kuanguliwa kwa siku moja hivi. Fwani yeye hupanda mbali zaidi, hadi penye changarawe na maji ya kasi. Nyanya yangu alikuwa akisikia ngurumo upande wa Tinderet usiku, asubuhi anawaambia wajomba wakague migono yao, kwa kuwa maji yakishuka, ningu atapanda.

Miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni. Zilitegwa midomoni mwa mito, ningu akawa anakamatwa akiwa njiani kwenda kutaga. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka, na hadi leo haujarudi. Kwa hiyo sisemi kwamba bwawa ndilo litakalommaliza ningu. Sisi wenyewe tulimpunguza kwanza. Nasema wachache waliosalia hawana nafasi ya kuvumilia kosa la pili.

Jambo ambalo watu wengi hawalioni ni maisha ya vifaranga baada ya mayai kuanguliwa. Maji yaliyotulia juu ya nyasi huwa na joto, yamejaa vijidudu vidogo ambavyo ndivyo chakula cha samaki mchanga, na mbuta, yule sangara mkubwa anayekula samaki wenzake, hafiki humo. Ni kitalu. Lakini kitalu hicho kinahitaji muda. Kifaranga wa siku tano hawezi kushindana na mkondo. Akisombwa mtoni mapema anakufa, na maji yakimkimbia mapema anakauka. Maji yanatakiwa yapande, yakae, kisha yashuke taratibu ili samaki wadogo wayafuate hadi mtoni na baadaye ziwani. Wala hayahitaji kufika mlangoni kwa mtu. Nyasi za kingo, mikondo ya zamani ya mto na kinamasi cha mafunjo pale Nyando inapoingia ziwani vinatosha kabisa, vikiachwa vipate maji.

Nimeona kwa macho yangu inavyokuwa yakishuka ghafla. Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, mtu fulani aliziba kijito cha juu ya mashamba yetu kwa magunia ya mchanga ili pampu yake ivute vizuri. Usiku mmoja tu. Asubuhi watoto wa jirani walinijia wakikimbia. Malishoni, katika kila unyayo wa ng'ombe, mlikuwa na maji ya kujaza kikombe, na katika kila kikombe hicho vifaranga walikuwa wakipapatika, wengine wembamba kama sindano. Tulihangaika na sufuria na ndoo hadi saa tano, tukiwateka na kuwapeleka mtoni. Jua lilituwahi. Wengi tuliwaacha pale, na nzi walikuwa wameshaanza kutua. Aliyeziba hakuwa na nia mbaya. Maji yalikuwepo, akayatumia, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mto ukishuka usiku mmoja unaua.

Nchi zenye samoni na trauti zimelijua jambo hili kwa muda mrefu. Trauti hata hapa kwetu si mgeni kabisa: aliletwa Kenya mwaka 1905, na yumo katika vijito baridi vya Mlima Elgon. Jike wa trauti au samoni huchimba shimo kwenye changarawe kwa mkia, hutaga, kisha huyafukia mayai. Yanakaa humo kwa wiki nyingi, yakipumua kwa maji yanayopenya kati ya mawe. Mto ukipungua mno, changarawe inakauka. Tope likizidi, mayai yanakosa hewa. Na mafuriko makubwa yakija, changarawe yote husombwa na mayai yake. Wakishatoka, vifaranga hukaa kando kando penye maji mapole, na ikitokea mafuriko katika wiki hizo za kwanza, kizazi kizima cha mwaka huo kinaweza kupungua vibaya, na pengo hilo likaonekana miaka kadhaa baadaye kwa wavuvi.

Huko Norway, ambako mitambo ya umeme hufungua na kufunga maji kulingana na mahitaji, watafiti walipima trauti wachanga wanaokwama kwenye mawe makavu. Waliona kwamba maji yakishushwa taratibu, chini ya sentimita 10 kwa saa, wanaokwama hupungua sana. Sentimita 10 kwa saa! Hilo ni jambo ambalo mtu aliyesimama kwenye lango la bwawa anaweza kulifanya bila kuongeza gharama kubwa, mradi ameagizwa na kufuatiliwa.

Hata hivyo, nawasihi wahandisi wetu wasinakili kanuni za trauti na kuzibandika Nyando. Kifaranga wa trauti huangamizwa na mafuriko yale yale ambayo kwa kifaranga wa ningu ndiyo nyumba na chakula. Mto uliotulia mwaka mzima, ambao ungeonekana salama kwa samaki wa Ulaya, kwa samaki wetu ni mto uliofungwa mlango. Ningu asipohisi maji yakipanda na kuchafuka, hapandi kutaga. Ndiyo maana vipimo lazima vifanywe hapa hapa, na Kisumu tuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya chenye wataalamu wanaolijua ziwa hili.

Sheria nayo naiona ina mwanya. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua akiba ya maji ambayo lazima ibaki kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa viumbe wa majini. Hilo ni jema sana. Lakini Kanuni za maji za mwaka 2007, zilizotangulia sheria hiyo, ziliweka kiwango cha chini cha akiba hiyo kuwa ule mtiririko ambao mto huupita asilimia 95 ya wakati. Kwa lugha ya huku Kano, hayo ni maji ya kiangazi, yale ya Februari ambayo mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. Bwawa linaweza kuachilia kiasi hicho kila siku, Januari hadi Desemba, kiwango hicho cha chini kikawa kimetimizwa, na asipatikane kifaranga hata mmoja wa ningu. Samaki hawaishi kwa kiwango cha chini peke yake.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kwa wote watakaosimamia bwawa ni hili: ratiba ya kuachilia maji iandikwe na kutangazwa kabla malango hayajaanza kufanya kazi. Ioneshe ni lini wakati wa masika, na tena wakati wa vuli, mto utaruhusiwa kupanda, kwa siku ngapi, na utashushwa kwa kasi gani. Ioneshe pia maji yatatolewa kwenye kina gani cha bwawa, maana maji ya chini kabisa huwa baridi na yana hewa kidogo, nayo yakimwagwa kwa wingi yanaweza kuwaua samaki tunaodai kuwalinda. Marekani walimaliza kubomoa mabwawa manne kwenye Mto Klamath mwaka 2024, na kabla mwaka huo haujaisha samoni walikuwa wameonekana juu ya pale yalipokuwa. Ni habari ya kufurahisha, lakini sisi hatuna fedha za kujenga kisha tubomoe. Ratiba ni karatasi, na wakati wa kuiandika ni huu.

Wahandisi wakipenda, waje masika yanayokuja, wiki ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza, asubuhi kabla jua halijakolea. Nitawapeleka kwenye malisho yale yale na ndoo nyeupe ya plastiki. Wateke maji ya kwenye nyasi mara moja tu, wainame, watazame ndani.

Mwalimu mstaafu,
Ahero, Kaunti ya Kisumu